Mashine ya kukaushia nguo inanguruma usiku, na mume wangu anataka iondoke

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ilazo hapa Dodoma na mume wangu pamoja na mama yake mzazi, ambaye tulimchukua kutoka Kondoa alipopata kiharusi. Upande wake wa kulia umelegea. Maneno yanamtoka kwa shida, ingawa kila unachomwambia anakielewa, na usiku hawezi kuzuia haja ndogo. Kwa hiyo hakuna siku isiyokuwa na mashuka, kanga na magauni ya kulalia ya kufua, na zipo siku ambazo shuka lililotandikwa asubuhi linaondolewa kabla ya adhuhuri. Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi moja kule Mtumba. Natoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likiwa limeshazama. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani anamhudumia mama mchana, lakini kufua nguo za mama nimeifanya kazi yangu mwenyewe, kwa sababu ni mtu mzima mwenye heshima zake na sipendi aone kwamba mashuka yake yanapita kwenye mikono ya kila mtu.

Mwaka jana wifi yangu anayeishi Uingereza alitutumia mashine ya kukaushia nguo pamoja na mizigo mingine kwenye kontena. Ilikuwa imetumika nyumbani kwake, lakini ilifika ikiwa nzima, na plagi yake ya pini tatu iliingia kwenye soketi zetu bila kubadilishwa chochote. Tuliiweka stoo, chumba kilichopakana na cha mama, tukapitisha bomba lake la kutolea hewa ya moto dirishani. Siwezi kueleza vizuri nafuu niliyoipata. Nafua saa mbili usiku kwenye mashine yetu ndogo yenye upande wa kufulia na upande wa kukamulia, saa nne naingiza mashuka kwenye ile ya kukaushia, nalala, na alfajiri nayakuta makavu. Sina tena habari ya kuanika gizani, wala ya kukuta shuka jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi pale upepo wa kiangazi unapovuma.

Kelele zilianza kidogo kidogo. Kwanza ulikuwa mlio mwembamba wa kulalamika, kwii-kwii, uliosikika ikianza tu, kisha ukatulia. Baadaye ukawa hautulii. Mume wangu alimwita binamu yake ambaye anajua kidogo mambo ya umeme. Akafungua kifuniko cha nyuma, akamimina mafuta ya cherehani sehemu alizozifikia, na kwa muda mfupi tukapata amani. Iliporudi, kelele ilikuwa ya namna nyingine: mngurumo mzito, na ndani ya mngurumo huo kuna kugonga, du, du, du, ambako ukitulia unaweza kukuhesabu. Inagonga hata isipokuwa na nguo ndani. Siku hizi kuna pia harufu ya mpira unaoungua, si kila siku, ila nikiingiza mashuka mengi. Tukaita fundi mwingine. Huyu alisimama mlangoni pa stoo, akaiwasha, akasikiliza kidogo, akasema mota imekufa, tumpe laki tatu na nusu alete nyingine kutoka Dar es Salaam.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mume wangu anasema hatoi laki tatu na nusu kwa mashine ya mtumba, kwamba mama halali kwa sababu ya kelele, na kwamba jirani tunayepakana naye ukuta amemuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nirudi kwenye kamba. “Dodoma jua lipo bure,” anasema. Mimi nikimweleza kuhusu vumbi, muda na heshima ya mama, anajibu kwamba mama aliyalea matoto yake yote bila mashine. Neno hilo limenichoma kuliko anavyodhani.

Kuna na jingine. Wifi hupiga simu kila Jumapili, na kila mara huuliza kama mashine inafanya kazi. Namjibu kwamba inafanya kazi vizuri, asante wifi. Naogopa akijua, itasemwa katika ukoo kwamba nimeharibu kitu cha watu, au kwamba hatukukithamini. Nikiiuza, nitamwambia nini? Nikiitengeneza na ikaharibika tena, nitamwambia nini mume wangu? Nishauri, maana naiwasha kila usiku kwa wasiwasi.

Mkamwana, Ilazo


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa kuuguza huku ukijitetea. Barua yako nimeisoma kwa utulivu, na ninaona una mashine inayopiga kelele ambayo bado hakuna aliyeifungua na kuitazama kwa makini, una mume anayehofia fedha, jirani na usingizi wa mama yake, una wifi ambaye amefichwa habari, na katikati yao wote kuna kazi ya kufua ambayo haipungui, mashine iwepo au isiwepo. Mambo haya yamefungamana kiasi kwamba yanaonekana kuwa swali moja la kutengeneza au kuuza. Mimi nadhani yapo yanayoweza kutenganishwa, na yakitenganishwa uamuzi utakuwa mwepesi zaidi kwenu, wowote utakaokuwa.

Lakini kabla ya yote naomba jambo moja lisisubiri uamuzi wala kikao. Usiiwashe tena usiku ukaenda kulala. Kelele peke yake ningeivumilia. Harufu ya mpira unaoungua siivumilii. Ndani ya mashine hiyo mna waya wa kupashia joto, na kila shuka linalozunguka linaacha nyuzinyuzi laini, ambazo kwa sehemu zinanaswa na chujio na kwa sehemu zinapita na kujikusanya chini na nyuma ya pipa linalozungusha nguo. Nyuzinyuzi hizo zikikauka zinashika moto upesi sana. Watu wenye afya wakisikia moshi wataamka na kutoka. Nyuma ya ukuta wa stoo yako amelala mtu asiyeweza kujiinua. Mpaka ifunguliwe na kusafishwa, ni heri plagi ikae nje ya soketi, na hata itakapopona, iwashwe wakati kuna mtu mzima aliye macho.

Sasa tuje kwenye kelele yenyewe. Fundi wa pili alisema mota imekufa, nanyi nyote mmelipokea neno hilo kama jambo lililothibitika, mume wako akiligeuza kuwa sababu ya kuuza na wewe ukiligeuza kuwa deni. Nakusihi ulitilie shaka kidogo. Wewe mwenyewe, bila kujua, umeandika ushahidi unaoweza kulipinga: umesema kugonga kwake kunahesabika. Pipa la mashine ya nyumbani huzunguka karibu mara 50 kwa dakika, kasi ambayo sikio linaweza kuifuata. Mota, kwa upande wake, huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na feni inayosukuma hewa mara nyingi imefungwa kwenye ekseli ya mota hiyo hiyo, hivyo ubovu wa mota au feni hutoa uvumi au mkwaruzo wa mfululizo ambao hakuna awezaye kuuhesabu. Kitu kinachogonga mara moja kila pipa linapomaliza mzunguko kina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye pipa lenyewe au kwenye vile vinavyoligusa: mkanda wenye sehemu iliyochanika, felti, yaani kitambaa kinene cha kuzibia, iliyobanduka pale pipa linapokutana na uso wa mbele, beringi ya nyuma iliyolika, au hata sarafu na vibanio vya nywele vilivyopenya ndani ya yale mapezi yanayonyanyua nguo.

Ule mlio wa kwanza, wa kwii-kwii, una historia yake. Mkanda unaozungusha pipa hupita kwenye puli ndogo yenye springi ya kuukaza, na katika mashine nyingi pipa hulalia juu ya rola mbili au nne zenye mpira. Puli na rola hizi zikikauka au vishimo vyake vikilika, ndizo hulia hivyo, kwanza mashine ikiwa ya baridi na baadaye muda wote. Mashine nyingine hazina rola nyuma, bali zina ekseli fupi inayoingia kwenye kikombe au beringi, na hiyo ikilika pipa huteremka kidogo na kuanza kusugua upande wa chini. Dalili yake huonekana kwa mkono: plagi ikiwa imechomolewa, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa pipa na ulinyanyue. Likicheza sana, au likinyanyuka kwa urahisi kuelekea juu, tatizo limeanza kujionyesha. Kisha lizungushe taratibu ukisikiliza linapokwaruza. Jambo hili halina gharama wala hatari, na mume wako anaweza kulifanya pamoja nawe.

Kuhusu mafuta ya cherehani, simlaumu binamu, kwa kuwa alitaka kusaidia na kelele kweli ilinyamaza. Ila mafuta mepesi kwenye sehemu yenye joto hayadumu, na kabla ya kuisha huvuta nyuzinyuzi na vumbi mpaka vikawa tope la kusugulia. Vumbi hilo letu jekundu lina mchanga ndani yake, na mashine hii hufyonza hewa ya chumba ilimo muda wote inapofanya kazi. Tena, tone likifika kwenye mkanda, mkanda unateleza badala ya kushika, hasa mzigo ukiwa mzito. Ndiyo maana niliposoma kwamba harufu ya mpira hutokea ukiingiza mashuka mengi, nilifikiria mkanda na puli yake kabla ya kufikiria mota. Siwezi kuapa nikiwa mbali. Ninachosema ni kwamba hukumu iliyotolewa kutoka mlangoni haijatosha kulipiwa laki tatu na nusu.

Fundi anayefaa ni yule atakayekubali kuifungua mbele yenu. Mwambie kabla hajautoa mkanda aupige picha kwa simu ulivyopita, kwa sababu kuurudisha kimakosa ni chanzo kingine cha kelele. Mkanda ukishatoka, pipa lizungushwe peke yake kwa mkono, puli izungushwe kwa kidole, ekseli ya mota nayo izungushwe kwa vidole. Mota ikizunguka laini bila kucheza wala kukwaruza, iachwe, na mtakuwa mmeokoa fedha nyingi. Ikikwaruza, bado kuna swali la kuuliza: je, ni koili zake, yaani nyaya zilizosokotwa ndani yake, zilizoungua au ni beringi tu? Beringi huwa na namba iliyochapwa ubavuni, kama 6201 au 6203, na ukiwa na namba hiyo unaweza kuulizia kwenye maduka ya beringi ya mjini kabla ya kuagiza mota nzima kutoka mbali. Kikombe au bushi iliyolika wakati mwingine huweza kuchongwa na fundi wa kukereza vyuma. Mkanda na felti ni vigumu zaidi kubahatisha. Hivyo vinahitaji namba ya mashine yenyewe. Naomba pia fundi huyo awe mtu aliyesomea umeme, kwa kuwa baadhi ya mota zina kapasita inayobaki na chaji hata plagi ikiwa imetolewa. Akiwa hapo akague soketi. Mashine ya namna hii hutumia kilowati mbili na zaidi, kwa hiyo inastahili soketi yake ya ukutani yenye waya wa ethi, wala isichangie ekstensheni na friji au feni. Ukigusa plagi baada ya kazi ukaikuta ya moto, hilo nalo ni tatizo, hata kama halina sauti.

Kuna jambo moja ambalo ningelitanguliza kuliko kelele, nalo linamhusu wifi yako. Mwezi Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza Uingereza kwamba baadhi ya mashine za kukaushia nguo zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zilizouzwa kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline, zilikuwa na kasoro iliyoweza kufanya nyuzinyuzi zigusane na waya wa joto na kuwaka. Mwaka 2019 ukatolewa mwito rasmi wa kuzirudisha zile zilizokuwa bado hazijarekebishwa. Hukutaja aina ya mashine yenu, na sisemi kuwa ni mojawapo. Lakini ni mashine iliyotumika, iliyotoka nchi hiyo, na pengine hakuna aliyeiuliza umri wake. Ukifungua mlango utaona kibati au karatasi yenye namba ya toleo na namba ya mashine, ama ndani ya mlango ama kwenye ukingo wake. Namba hizo zinaweza kulinganishwa na orodha ya mtengenezaji. Ikiwa imo na haikurekebishwa, hakuna rola wala mkanda utakaoifanya ifae kuwekwa ukuta mmoja na mgonjwa, na itakuwa vema kujua hivyo kabla ya kutumia shilingi yoyote kuinyamazisha.

Sasa fikiri ni nani aliye mahali pazuri pa kukusaidia kulifuatilia hilo. Wifi yako aliinunua, anajua ni lini, na yupo huko huko. Umekuwa ukimwambia kila Jumapili kwamba inafanya kazi vizuri kwa sababu umeshaamua moyoni atakavyolipokea. Umewahi kumpa nafasi ya kulipokea? Yawezekana anauliza kila wiki kwa kuwa yuko mbali na mama yake anaumwa, na mashine hiyo ndiyo mkono wake pekee unaofika chumbani kwa mgonjwa. Mtu wa namna hiyo akiambiwa, “Wifi, mashine yako ilitusaidia sana, sasa imepata hitilafu na tunataka kujua kama ni salama kwa mama,” huenda akaumia kidogo, lakini anapewa pia kazi ya kufanya. Hatari ipo, sikatai. Anaweza kulichukulia vibaya, anaweza kulipeleka kwa ndugu wengine. Linganisha na hatari ya pili, ya kuja kusikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba ilishauzwa chakavu wakati wewe ulikuwa ukimwambia ni nzima. Na ingefaa habari hiyo aisikie kutoka kwenu wote wawili, wewe na kaka yake, ili isibaki kuwa kosa la mkamwana.

Umeandika kwamba mama halali. Nimelitafuta kwenye barua yako neno la mama mwenyewe sikuliona. Nimeona neno la mume wako kuhusu mama. Vivyo hivyo umeandika kwamba mama hapendi, au kwamba wewe hupendi aone, mashuka yake yakipita mikononi mwa watu. Haya yote yanaweza kuwa kweli. Lakini umesema anaelewa kila anachoambiwa. Basi kaa naye mchana wa Jumamosi, mume wako akiwepo, mumuulize kwa maswali mafupi ambayo anaweza kuyajibu kwa kutikisa kichwa au kubana mkono: kelele inamsumbua? Mashuka yakianikwa nyuma ya nyumba ataona vibaya? Binti akiyafua atakwazika? Kiharusi kimemnyang'anya maneno, hakijamnyang'anya haki ya kuulizwa kuhusu kitanda chake. Majibu yake yanaweza kukushangaza wewe, au yakamshangaza mwanawe. Na ikiwa ni kweli kelele inamsumbua, kumbukeni kuwa sehemu ya kelele husafiri kwa sakafu na ukuta. Mashine iliyogusa ukuta, au yenye miguu isiyolingana, hutetemesha chumba cha pili hata ikiwa nzima, na kuivuta mbali na ukuta kiasi cha kiganja, kusawazisha miguu yake kwa pima maji na kuweka mpira mzito chini yake kunaweza kupunguza mengi, au inaweza kuhamishiwa chumba kingine kabisa, mradi bomba lake lipate njia fupi ya kutokea nje.

Kuhusu jua, mume wako hakukosea. Hewa ya Dodoma ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na shuka lililokamuliwa vizuri likianikwa saa tatu asubuhi halifiki alasiri kabla halijakauka. Mashine, hata ikiwa ya kilowati 2.5 tu, inaweza kula mpaka uniti 2.5 za LUKU kwa saa moja ya kuwaka mfululizo, na fedha hiyo kwa mwezi inaonekana. Ila jua haliji kuchukua nguo kwenye beseni. Kuna mtu anayeanika, anayegeuza, anayekimbia kuanua vumbi likiinuka, na kati ya Desemba na Aprili kuna mvua pia. Wewe saa hizo uko Mtumba. Nadhani ugomvi wenu upo hapa, kwamba yeye anataja kilicho bure nawe unasikia kwamba kazi yako nayo ni bure. Neno lake kuhusu mama yake aliyelea watoto bila mashine limekuchoma, na ningependa ajue hivyo kutoka kwako, kwa saa iliyo tulivu, si mashine ikiwa inanguruma. Huenda hakumaanisha unachodhani. Huenda pia hajui ni mashuka mangapi yanaondoka kitandani kwa juma, kwa sababu yakiondoka yeye amelala.

Na hapa nakuuliza jambo kwa upendo. Umeichukua kazi hii iwe yako peke yako kwa ajili ya heshima ya mama, na nia hiyo ni njema. Lakini usingizi wako unakatika kila siku kwa ajili yake, na mume wako hana anachokiona. Je, heshima ya mama ingepungua kama mwanawe angekamua na kuanika mashuka ya mama yake Jumamosi na Jumapili? Je, ingepungua kama binti, akifundishwa na akaelezwa umuhimu wa kunyamaza, angeanika asubuhi yale uliyoyafua usiku, kwenye kamba iliyo upande wa ndani wa uzio, na kuyaanua kabla ya upepo wa alasiri? Kwa nguo zinazoanikwa nje ningehimiza pasi ya moto pande zote, kwa kuwa wapo inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, na ngozi ya mtu anayelala muda wote haihitaji maudhi zaidi. Mzigo wenyewe nao unaweza kupungua. Mpira wa kitanda, kitambaa kinene cha kufyonza juu yake, na pampasi za watu wazima kwa saa za usiku, ikiwa mama ataridhia na mkiwa makini kumbadilisha ili asipate vidonda, vinaweza kuokoa mashuka mengi. Gharama ipo, na kwa baadhi ya wazee pampasi ni fedheha kuliko shuka lililolowa. Hilo nalo ni la kumuuliza mwenyewe.

Ukitazama kwa namna hiyo, njia ni zaidi ya mbili. Mnaweza kuitengeneza, mkijua kwamba mashine ya zamani ikibadilishwa mkanda leo inaweza kudai rola mwakani, na kwamba vipuri vitachukua muda kufika. Mnaweza kuiuza, na hapo msiiuze kama nzima kwa mtu ambaye ataiwasha nyumbani kwake bila kujua ile harufu. Mnaweza kubaki nayo kwa ajili ya masika na kwa siku mbaya tu, huku siku nyingine zikiwa za kamba, jambo ambalo litaipunguzia mashine kazi na nyinyi umeme. Mnaweza pia kuipumzisha kwa miezi hii ya kiangazi, mkapima kwa vitendo kazi ya kamba inamwangukia nani, kisha mkaamua. Njia hii ya mwisho ina hatari yake, nayo ni kwamba ikikuangukia wewe peke yako, utachoka na hutasema.

Ikiwa mtachagua kuita fundi, kaeni wawili kabla hajaja mkubaliane kiasi ambacho mkikivuka mtasimama, na mkitenge kabisa. Mlipeni kwanza ya kufungua, kusafisha na kueleza alichokikuta, iwe bei yake peke yake. Kipuri atakachokitoa abaki nacho mume wako mkononi, akione kilivyolika, ndipo mzungumzie bei ya kipya.